Mtaa Wetu Umehama Pamoja

Damietta,
Mtaa wa Wachonga Nakshi.

Kwa Mama yangu mpendwa na mheshimiwa, Bibi Zakiyya,

Baada ya salamu zinazostahili cheo chako, natumaini waraka huu utakukuta hapo Ras el-Bar kwa dada ukiwa mzima, na magoti yamepunguza ukaidi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa vumbi la msasa, ambalo ndilo riziki yetu.

Napenda kukuarifu kwamba suala la kuhama limekwisha vizuri. Serikali, kama ujuavyo, ilijenga kongano la samani nje ya mji, lenye umeme wa uhakika na kodi nafuu, ili mafundi wa mkoa wawe mahali pamoja. Sera ilikuwa njema. Mgawanyo ndio uliotutia hofu. Wachongaji walipangiwa jengo la kaskazini, sisi wapaka vanishi jengo la kusini, na washona viti, wanaovivika kitambaa, ng'ambo ya barabara kuu. Ilhali kwetu kiti hupita mlango hadi mlango, kikibebwa kichwani kingali uchi.

Niliandika maombi kwa lugha niliyoipima neno kwa neno. Hata hivyo, aliyemgusa Mhandisi Nirmin wa mkoa ni Mama Ridaa mshona viti, aliyesimama mkutanoni akasema: "Mwanangu, na bibi harusi naye mtampeleka kichwa jengo hili, miguu jengo lile?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mhandisi naye akacheka, kisha akauliza kiti hupita kwa nani na nani. Wiki hii amerudi na idhini: mtaa unaotaka kuhama pamoja utapewa vyumba vinavyopakana.

Sasa, Mama, lipo nililokuficha ili usikose usingizi. Mwanao Wagih aliapa kwamba akitengwa nasi ataacha uchongaji, na alikwisha kupatana na watu wa kumvusha kwa mashua hadi Italia. Patasi zake aliniachia, akisema huko hazitamfaa. Nilipomsihi, alinitania kwamba afadhali niiandikie bahari maombi.

Jana tulikabidhiwa vyumba. Changu kimepakana na kile chenye jina lake, nami nikasimama mlangoni nisijue kama atatokea. Akaja adhuhuri na mkate na jibini kwapani, hakunisalimu. Alisema tu: "We mwandishi, patasi zangu ziko wapi? Zikiwa na kutu tutagombana."

Nilimkabidhi, hazina hata chembe ya kutu. Hivi ninapoandika anagonga ukuta, akiniita nikachukue kiti chake cha kwanza nikipake vanishi.

Naubusu mkono wako, na dada msalimie pamoja na wanawe.

Mwanao mtiifu,
Shafiq Abdel-Ghani,
Fundi vanishi