Nimelizika Neno Likiwa Hai

Jumapili, Machi 2015. Black Rock, Buffalo.

Tangu asubuhi kunanyesha ile mvua ya baridi isiyojua kama iwe maji au theluji, na mimi nimejifungia chumbani kwa aibu. Shajara yangu, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri.

Kwa mgeni anayepita kwenye blogu hii: naitwa Atu, Mnyakyusa niliyekulia Sinza, nasoma isimu chuo kikuu. Nimepanga chumba ghorofani kwa Mama Neema, Mkongo wa milimani juu ya Ziwa Kivu, ambaye anafanya kazi kiwandani Tonawanda na bado anarudi kunipikia sombe, kisamvu cha kwao, kama mimi ndiye niliyechoka.

Kazi yangu ni kufuatilia maneno. Yanazaliwaje, yanahamaje, yanakufaje. Profesa wangu ni mama wa Kiaustralia aliyekaa miaka mingi na wazee wa Kiaborijini, na darasani ametufundisha jambo moja lililonikaa kichwani. Katika jamii zao nyingi, mtu akifariki jina lake halitajwi. Hata neno la kawaida linalofanana na jina lile linawekwa kando, watu wanaazima jingine kwa majirani, na miaka ikipita pengine la zamani linarudi. Kiingereza nacho kimepita hukohuko kikajizolea kangaruu na bumerangi.

Haya yote nayajua. Nimeyafanyia mtihani nikapata A. Nimewahi kuyahubiri hadi kwenye harusi ya watu, bibi harusi akaomba MC aninyang'anye maiki.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Majira yote ya baridi nimekaa kwenye kochi la Mama Neema na kinasa sauti, namwonyesha picha, ananiambia kila kitu kinaitwaje kwa lugha ya kwao. Siku ya picha ya mvua aliangalia dirishani, akasema maneno ambayo tafsiri yake ni "vile vya juu". Nikashangaa. Nikaenda maktaba, nikakuta kamusi ya zamani ya wamisionari, na ndani yake mvua ina neno lake kabisa, fupi, safi. Basi nikahitimisha kwamba neno la zamani limekufa. Nani kaliua? Kanisa! Watu walifundishwa kutazama mbinguni, wakaanza kusema "vile vya juu". Nikaandika kurasa nyingi. Nikazipenda mno kurasa zile.

Ijumaa hii natakiwa kuzisoma kwenye mkutano wa wanaisimu mjini Columbus. Na si mkutano tu. Hiyo ndiyo sura ya pili ya tasnifu yangu, na kamati imesema wazi kwamba bila sura hiyo sitaendelea mwaka ujao. Nisipoendelea, viza yangu ndiyo basi tena, narudi Sinza na masanduku mawili na hadithi.

Leo akaja mzee. Ni baba mkwe wa Mama Neema, anaishi mji wa Louisville, mtaa wa Beechmont, kwa mwanawe mdogo. Amepanda basi usiku kucha kuja kumwona mjukuu wake. Mimi niliposikia kuna mzee wa zaidi ya miaka themanini sebuleni, anayeijua lugha ile tangu tumboni, nilishuka ngazi mbio. Shahidi huyo! Nikambebea nakala ya ukurasa wa kamusi.

Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia vizuri, amezoea Watanzania. Mama Neema alikuwa amekaa pembeni kabisa, macho chini, sauti haisikiki. Nikadhani ni uchovu wa kiwandani. Nikataka kumchangamsha.

Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Mama Neema, hebu mwambie babu. Neno hili si limekufa?" Nikalitamka neno. Akainama zaidi. Nikalitamka tena, taratibu, silabi moja moja, kama tunavyofundishwa. Mara ya tatu nilimwomba alitamke yeye.

Mama Neema alijifunika kitenge kichwani akakimbilia jikoni. Baba Neema akashika kichwa. Mzee akanitazama tu.

Neema, mwenye miaka kumi, ndiye aliyenihurumia. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha Buffalo, bila hata kuinua macho kwenye tableti, kwamba hilo ndilo jina la babu.

Mama yangu wee.

Mzee alizaliwa siku ya mvua kubwa, akapewa jina la mvua. Na kwao mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Wala neno linalofanana nalo. Tangu aolewe, Mama Neema hajawahi kulitoa neno lile kinywani, hata mafuriko yaje. Na mimi nimesimama katikati ya sebule kumuuliza, mbele ya mwenye jina, kama si kweli kwamba amekufa!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila nyumba za Black Rock chini yake ni boila la kupasha joto tu.

Nilimfuata jikoni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote zile. Akanitazama kama anatazama mtoto mjinga lakini wake, akajibu kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa kidogo, ambacho "njo" ni "ndiyo".

"Bon, Dada Atu, ningekuambia je? Kama nakuambia njo ile neno siwezi kusema, si nimekwisha kuisema?"

Miaka yote hii ya isimu, na somo nalipata jikoni. Halafu, siri ikiwa imeshatoka, akaniongezea, huku akigeuza bugali, ugali wa kwao, kwamba kwenye orodha yangu si mvua tu. Kuna jiwe, kwa ajili ya baba mdogo wa mumewe. Kuna moto, kwa ajili ya mama mkwe. Kuna mengine nimeacha kuandika, karatasi ilijaa. Ukoo wa Baba Neema ni mkubwa.

Nikampigia mama yangu simu, nikitafuta faraja. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Atu, hivi wewe umekulia wapi? Umeshawahi kunisikia nikimtaja babu yako mzaa baba?" Ni kweli. Maisha yangu yote mama anamwita babu "mzee wa kule", na kuna maneno ya Kinyakyusa anayazunguka kama shimo la barabarani. Nyani haoni kundule. Nimevuka bahari kusoma mila ya Waaborijini, na yetu nimeilalia.

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza. Columbus hakuna atakayejua. Hakuna Mkongo hata mmoja kwenye orodha ya wasemaji. Soma kurasa zako, Atu, upigiwe makofi, sura ipite, viza ipone. Nitakiri hapa kwamba nilimsikiliza shetani kwa dakika kama ishirini hivi.

Kisha nikakumbuka macho ya Mama Neema jikoni. Nikamwandikia Profesa ukweli wote, kwamba sura ya pili ni uongo, neno ni zima, lina afya tele, na limetoka Louisville kwa basi.

Alijibu baada ya saa moja. Kwamba nije Columbus na ukweli huohuo, kwamba ni sura nzuri kuliko ile, na kwamba kamati ataongea nayo yeye. Ila kuna sharti moja, lile ambalo yeye mwenyewe kila mara alipewa na wazee wa Australia: sitamki kitu mbele ya watu bila idhini ya mwenye jina.

Nikashuka tena. Nikapiga magoti kwenye zulia, nikaomba radhi, nikaomba ruhusa. Mzee akauliza.

"Kule Columbus iko mukamwana wangu?"

"Hapana, babu."

"Basi sema. Donc, basi yangu ya kurudi inapita pale. Nitashuka. Nataka kusikia."

Mama Neema akacheka kwa mara ya kwanza leo, mkono mdomoni. Akaniambia nimtunze babu njiani, nihakikishe anakula, kwa kuwa mimi sasa ni mtu wa nyumba hii. Nikasema ndiyo, mama.

Nimerudi chumbani, nimesimama mbele ya kioo, nimefanya mazoezi ya hotuba. Utangulizi umepita. Waaborijini wamepita. Nimefika kwenye neno lenyewe, nimevuta pumzi, na mdomo umegoma. Nimejaribu mara nne. Kila mara nasema "vile vya juu".

Ijumaa mzee atakaa mstari wa mbele. Nitafanyaje?