Mbegu ya Nguruwe mu Thermos Yangu

Jumanne, 6 septemba 1994

Weye, miye mwenyewe! Tangu Pasaka haukufungula hii cahier, daftari yako. Ulikuwa wapi? Bic ya kuandikia iko, meza iko, macho mbili iko. Ba mama ya parokia walichoka kukufundisha herufi, na ile kichwa yako ya uzee — sasa unaziachia panya? Muvivu. Kaa. Andika.

Leo nilifungula thermos yangu ya chai. Mbegu ya nguruwe! Kweli, mbegu ya dume, mu chupa mbili kidogo, ndani ya maji ya baridi. Symphorien, mutoto ya tumbo yangu, hata hakuniuliza. Pfu! Nilitapika nyuma ya jikoni.

Anasema hakuna namna ingine. Homa ilimaliza nguruwe ya cité yote, nyumba kwa nyumba. Inabakia Madame, nguruwe yetu ya kike, na dume moja ya muzee Damas kule Kakontwe, nayo inachechemea. Damas anaogopa homa, hataki Madame akanyage mu lupango, uwanja yake. Anatoa mbegu tu. Symphorien aliipokea na mikono. Na mikono! Ile ile alikula nayo bukari yangu.

Asubui alimukandamiza Madame mu mugongo. Madame akasimama kimya, sawa bibi-arusi. Njo kusema anataka dume. Ni siku mbili tatu tu, kisha inapita. Kama hakupata mimba, siku ya makumi mbili na moja atasimama tena vile vile.

Na kama hakupata, hakuna vitoto ya kuuza: Symphorien anaenda kuchimba madini Kamatanda. Aliisha kununua pelle, sepeto ya kuchimbia. Iko ku mulango. Kamatanda — kule udongo ilimeza mudogo yake Ricky. Siandiki zaidi.

Jumatano, 7 septemba

Zamani Symphorien alikuwa mu laboratoire ya ferme, shamba moja ya mifugo. Ferme ilikufa, yeye akarudia na microscope, ile mashini ya kuonea vitu vidogo. Leo aliiweka ku jua: Mama, angaliako.

Mungu wangu! Mikia. Mikia tu! Moja imepinda, ingine inazunguka pahali pamoja sawa mulevi, ingine iliisha kufa. Dume ya uzee, mbegu ya uzee. Anasema tutachagula. Mbegu chini mu tube, ile chupa nyembamba, maji ya sukari na chumvi juu yake, polepole. Joto ya mwili, saa moja. Yenye nguvu inapanda yenyewe. Yenye kulema inabakia chini. Unakamata ya juu, basi.

Vizuri. Lakini alikuwa amenikataza kugusa tube zake. Ile uchafu mu nyumba yangu, na miye nilale? Mbele ya jua kutoka nilikuwa nimezisugua zote na sabuni. Harufu muzuri!

Alitia chupa ya kwanza. Yote ikakufa. Hata mukia moja haukutikisika.

— Mama, uliosha na sabuni?

— Hii ni nyumba ya bantu, hapana ya nguruwe!

Akaenda kukaa karibu na ile pelle. Heri angenitukana.

Inabakia chupa moja.

Alhamisi, 8 septemba

Courant, umeme, imekatika. Makaa ya moto inachoma sana, itaziua mbegu. Symphorien akamuangalia muke yake Philomène.

— Miye? Ku kifua yangu? Muulize mwenye alitia sabuni!

Mwenye alitia sabuni alifungula blouse. Basi! Tube katikati ya maziwa — ile ile ilimunyonyesha Symphorien! — nikafunga na kitambala. Saa moja, wima, bila kutikisika.

Na nani anaingia? Mama Kabedi ya maombi. Uko mugonjwa? Kifua, nilisema. Bongo, uongo tu! Akanyoosha mukono aniwekee, aombe.

— Usiniguse!

Alirudi nyuma mpaka mulangoni.

— Mama, uko na pepo.

Pepo! Heri pepo, haina harufu.

Kisha Symphorien aliniita ku microscope. Zinaenda mbele! Zimenyooka, hakuna yenye inazunguka. Uchafu mutupu — na miye nikalia. Endeni, niliziambia. Endeni, batoto.

Saa sita aliitia ndani ya Madame na mupira murefu. Pelle ingali ku mulango.

Sasa weye, usikawie tena. Rudia hapa tarehe 29, siku ya makumi mbili na moja, mapema, Symphorien angali mu usingizi. Mukandamize Madame mu mugongo. Akikukimbia, andika. Akisimama kimya, kwanza ficha pelle — kisha andika.