Mama wa Ndani ya Telefone

Yaya Odette, jambo kwako na kwa batoto bote hapo Likasi!

Mi niko na bahati ya kuumiza benye wivu, yaya. Bazungu wawili, bwana na bibi yake, benye kutembea na motokari iko na kitanda na friji ndani, bamenichagua gidi wao, wa kubaonyesha njia mu Lualaba yote. Njia zote ziko mu kichwa yangu!

Lakini niko na mupinzani: mama mumoja anasemaka njia ndani ya telefone yao. Anakula mega za internet kuliko motokari inavyokula mafuta, na bwana anamuamini kama padri. Leo, kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, penye njia inagawanyika, mama akasema kuume. Mi nikasema kushoto. Tukafuata mama, na mvua ikatukuta tumezama mu matope upande wa Kingamyambo.

Vijana bachimbaji bakakuja kutusukuma, nikabaelezea habari ya ule mama. Mumoja akapiga kelele: "Patron, ambia ule mama wa mu telefone ashuke, naye asukume!"

Telefone ilisaidia kitu kimoja tu: bibi alitupiga nayo foto, tumepakaa matope mpaka mu meno.

Kumbe njia ya Mutshatsha ilikuwa kushoto. Bachimbaji ndio bamesema. Bwana akazima telefone, akanikumbatia: "Kesho tunafuata weye tu!"

Ubusu batoto, ukule vizuri, mudogo wako Trezor anakupenda. Na uniombee sana, juu nilikudanganya. Mutshatsha mi sijafikaka hata siku moja. Nilisema kushoto juu ule mama alisema kuume.