Kumpisha Mkubwa Njia

Songea, Julai

Mama, shikamoo.

Baridi ya huku imenishinda, nimenunua sweta la mtumba na silivui. Shangazi ananilisha kande hadi nashindwa kuinuka.

Jana nilikuwa narudi kwake Lizaboni kwa njia ya mkato. Nikakutana na jirani yake, mama wa Msumbiji aliyekimbilia huku wakati wa vita vya kwao. Alikuwa amejitwika tenga la mihogo. Nikafanya ulivyonilea, nikampisha kwa kusogea kwenye nyasi. Yule mama akaliacha tenga likaanguka, akanikamata mkono na kunivuta nirudi njiani.

Tulipokuwa tunaokota mihogo akasema, "Nisamehe mwanangu. Nasahau kwamba hapa nyasi ni nyasi tu."

Kwao, mume wake wa kwanza alimpisha mama mkwe wake, kama adabu inavyotaka. Akakanyaga bomu lililotegwa kando ya njia.

Sasa vita vimekwisha, na wao wanarudi baada ya mavuno. Nikamuuliza kama wanawe, ambao wamezaliwa hapa, wanafurahi.

"Wanafurahi," akasema. "Ila ni watoto wenye adabu, wanampisha kila mtu. Kila jioni nawafundisha kuacha."

Nimekukumbuka, Mama. Mungu akutunze hadi nikuone. Wasalimie wadogo zangu, na wakikupisha njia, waambie asante.

Mwanao,
Tumaini