Bluu ya Mwalimu Orito

Kanae, shoga yangu, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Ile rangi ya bluu ya kusaga jiwe, iliyokuwa kwenye kichupa kabatini kwa mwalimu Orito, niliimaliza yote kwenye nywele za yule msichana wangu wa katuni, niliyemchora kizamani juu ya karatasi ya dhahabu. Kichupa nikakijaza bluu ya dukani.

Leo mwalimu kaja kwenye maonyesho. Kasimama mbele ya picha yangu. Nikajua leo nimepatikana.

"Misuzu, bluu hii nzuri. Umeisaga mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. NDIYO, Kanae!

Akainama kwa heshima. Mwalimu, kuniinamia mimi!

"Basi umetuweza. Yangu tuliisaga na marehemu mke wangu. Nimeitunza nije nimchore yeye. Kesho naanza."

Kesho, Kanae. Kesho anafungua kile kichupa.