Mbolea ya Hewa na Majivu ya Jikoni

Jumatano, 2 Septemba 1987

Gurudumu limezunguka mtoni mpaka jioni bila kukwama! Desderius karudi kalowa chapachapa, anacheka peke yake. Mume wangu kucheka — nilishasahau anakuwaje. Kanionyesha kopo: chumvi nyeupe, kiganja kimoja tu. Ndiyo amonia hiyo, anasema. Mto unazungusha gurudumu, gurudumu linatoa umeme, umeme unaitenganisha gesi iliyo ndani ya maji. Gesi hiyo inakutana na hewa kwenye bomba la chuma lenye moto, kisha inanaswa kwenye maji makali ya betri, yakikauka inabaki chumvi. Mbolea ya hapahapa Ihembe, bila kungoja lori la Bukoba.

Nikamwuliza, na bila ng'ombe? Nilijua itamchoma, nikasema tu.

Maana ng'ombe wetu wawili ndio waliogeuka mabomba. Kijiji kizima kinatucheka — mtu kauza samadi kanunua chuma! Na migomba imechoka. Mikungu ya mwaka huu aibu hata kumpelekea mgeni.

Jumapili, 6 Septemba

Baada ya misa kaja shemeji Anatory na wazee wawili wa ukoo. Nikatoa shikamoo zote, wakanywa chai, ndipo yakaanza. Kibanja hiki cha migomba ni cha marehemu baba yao, si mahali pa majaribio. Jumapili ijayo ukoo unakaa. Wakiona mashine ni balaa itang'olewa, na kibanja atashika Anatory. Sisi twende wapi?

Mama mkwe, Bi Kokwijuka, akawakatiza. Mwacheni mwanangu amalize kazi yake, akasema. Wakatulia. Bi Kokwijuka akisema, hata Anatory anafyata. Mungu amweke.

Makopo mawili yamejaa. Tunangoja mvua tu ndipo tuitie chumvi kwenye migomba.

Jumatano, 9 Septemba

Mvua bado. Mawingu yanapita kwenda Rugu, sisi yanatuacha.

Mama mkwe kama kawaida: kila asubuhi anazoa majivu jikoni, anamwaga kwenye mashina ya migomba. Alifundishwa na mkwewe wiki aliyoolewa. Leo kaniuliza, hiyo chumvi ya Desderius ni kali? Nikasema kali, Mama, itachanganywa na maji mengi. Akaguna.

Alhamisi, 10 Septemba

Jamani jamani.

Asubuhi nilikuwa namenya ndizi, nikasikia yowe kutoka stoo. Nikakimbia. Harufu ikanipiga mlangoni, nikarudi nyuma nakohoa. Mama yuko chini, kashika macho. Desderius akaja mbio, tukammwagia maji usoni, ndoo kwa ndoo, anaita marehemu mumewe.

Jana alikuwa kachukua kopo moja la chumvi, kalichanganya na majivu mabichi ndani ya chungu, kafunga kwa jani la mgomba. Ili ipoe ukali, anasema! Leo kafungua, kainama kuchungulia.

Hospitali wamemfunga macho yote mawili. La kulia wana matumaini nalo. La kushoto daktari hakulitaja.

Huko nje Desderius kanieleza. Majivu ndiyo yaliyoifukuza amonia kwenye chumvi. Ikajaa chunguni, ikakosa pa kutokea. Mama hajui. Anadhani chumvi ilikuwa kali vile tangu mwanzo. Nikasema basi tumweleze. Akanishika mkono mpaka ukauma. Asijue kamwe, Celestina. Akijua ni mkono wake mwenyewe, hataamka tena kitandani. Nikaitikia.

Nina hasira! Sijui hata namkasirikia nani.

Jumamosi, 12 Septemba

Kaletwa nyumbani. Anapapasa kuta. Mvua imenyesha kidogo, akaniomba nimpeleke akaguse majani. Akauliza kama yana kijani. Nikasema ndiyo, Mama. Lakini yana manjano.

Anatory kapita kwa jirani zetu wote. Mashine imempofusha mama — ndiyo habari ya mji sasa.

Jumapili, 13 Septemba

Naandika jikoni, nimesimama. Wako uani, ukoo mzima.

Leo alfajiri nimemkuta Mama mbele ya mafiga, vitambaa machoni, anazoa majivu kwa mikono. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema lile kopo la pili lisiharibike bure, safari hii tutalichanganya polepole. Nikamnyang'anya kikapu cha majivu. Nimelificha kopo juu ya dari, lakini yule anaijua nyumba hii kuliko mimi.

Kikao kimeanza vibaya. Anatory kasimama, kasema mashine ing'olewe leo leo, vijana wako tayari na mashoka. Desderius anatazama ardhi. Hajitetei! Neno moja lingetosha, halisemi. Mtoni gurudumu linazunguka, linasikika mpaka huku.

Ndipo Mama akainua mkono. Mimi ndiye niliyeumia, akasema, na mimi ndiye nitakayeamua. Kisha akageuza uso wake uliofungwa, akautafuta upande wangu. Celestina, wewe hujawahi kuniongopea. Kilichoniunguza ni mashine ya mwanangu?

Wote wakanitazama. Desderius akatikisa kichwa, kidogo sana.

Nikasema naomba nimletee Mama maji ya kunywa kwanza.

Kikombe kimejaa kitambo. Nikisema ndiyo, mashine na kibanja vinakwenda; nikisema hapana, atauliza ni nini basi.

Anaita tena. "Celestina! Hayo maji unayachota ziwani?" Watu wanacheka huko nje. Yeye hacheki.