Shujaa wa Ukutani kwa Mama Kulwa

Dada Rehema, shikamoo.

Tabora jua kali, ila asali tele. Hapa Mtendeni nakula kwa Mama Kulwa. Ametaka ukutani mwa mgahawa wake achorwe yule shujaa anayeruka wa vitabu vya picha vya Kizungu, ila awe mweusi kama marehemu mumewe, aliyekuwa mpagazi wa mizigo.

Mchoraji akagoma. "Mama, mtu mweusi akiruka, wateja watasema mchawi."

"Mzungu akiruka shujaa, mume wangu mchawi?"

Wakabishana mpaka ugali wangu ukapoa. Mwishowe mchoraji akamtwika shujaa mzigo kichwani, watu wajue yuko kazini. Wateja wamefurahi. Mama Kulwa peke yake anaguna: "Hata angani, baba wa watu anabeba tu!"

Wasalimie wanangu. Asali yako nimeibeba, kwa hiyo mkiniona naruka, msikimbie.

Mdogo wako, Saidi